Taasisi ndogo, fundi wa IT mmoja, hela hakuna: mtandao mnaufuatilia kwa kutumia nini?

Kijana_wa_Makete

Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye taasisi moja ya dini huku Nyanda za Juu Kusini. Tuna hospitali, sekondari ya bweni na ofisi kuu, sehemu tatu zilizounganishwa kwa antena za mnarani, na intaneti inaingilia ofisi kuu. Mtu wa IT ni mimi peke yangu, huyuhuyu anayebadilisha wino wa printa na kufunga spika siku ya mahafali.

Shida yangu: mtandao ukikatika hospitali, mimi ndiye wa mwisho kujua. Daktari anampigia mhasibu, mhasibu anampigia katibu, katibu ananipigia mimi akiwa ameshakasirika. Nataka nijue kabla yao. Nimesoma habari za programu za kufuatilia mtandao, Nagios, Zabbix, PRTG, LibreNMS, ndo kwanza nimezidi kuvurugwa. Bodi imeshasema fungu la kununua programu halipo. Ruta zote ni MikroTik, swichi ni za kila aina, nyingine ni zile za bei rahisi ambazo huwezi hata kuziingia ndani. Seva iliyopo ni ya mfumo wa hospitali na sitaki kuigusa. Naombeni uzoefu wenu.

Fundi Swichi

Zabbix. Ni bure kabisa, hakuna toleo la kulipia lililofichiwa vitu vizuri. Wasimamizi fungeni uzi.

Nyaya za Shaba

Fundi, mpe kwanza mgeni kiti. Zabbix ni nzuri na nimeishi nayo miaka. Lakini huyu bwana akiifunga leo na violezo vyake vyote, yaani vipimo vilivyoandaliwa tayari, kesho simu yake itajaa arifa za diski, za feni, za mlango fulani wa swichi uliozima kwa sababu mtu kachomoa laptopu. Baada ya muda atazima kelele zote, na ile arifa moja ya maana itazimwa pamoja nazo. Nimeingia ofisi nyingi nikakuta skrini ukutani, nusu yake nyekundu, na hakuna anayejua ilianza lini. Ukiuliza unaambiwa mfumo ulifungwa wakati wa mradi fulani, mradi ukaisha, aliyeufunga akaondoka na nywila.

Kwa hiyo Kijana, kabla ya jina la programu jiulize: ukienda likizo, huo mfumo utaendelea kufanya kazi, na nani atausoma? Ushauri wangu wote nimeupima kwa swali hilo.

Anza na kilichomo ndani ya ruta zako. MikroTik ina kitu kinaitwa Netwatch. Unaipa anwani ya IP, unaiambia ikipime kifaa hicho kila baada ya sekunde kadhaa, kisha unaandika hati mbili fupi za amri (script): moja ifanye kazi kifaa kikipotea, nyingine kikirudi. Hati inaweza kutuma ujumbe Telegram au barua pepe. RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, toleo la 7 imeongeza uwezo wa kupima hata kama ukurasa wa wavuti unafunguka, siyo pingi tu, yaani kukibishia kifaa hodi uone kama kinajibu. Huhitaji seva, huhitaji kibali cha bodi, jioni moja inatosha. Ruta ya ofisi kuu ipime ruta ya hospitali, ruta ya shule, na seva ya mfumo wa hospitali. Hapo tayari umempita katibu.

Sasa angalia mtego wake. Ujumbe wa Telegram unapita kwenye intaneti ileile. Laini ya ofisi kuu ikikatika, ruta itajua kila kitu na haitaweza kukwambia lolote. Watu wengi hufunga kengele zao zote upande mmoja wa waya halafu wanashangaa siku waya unapokatika pana ukimya. Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni modemu ya USB yenye laini ya simu. Ruta nyingi za MikroTik zina tundu la USB, hata hEX ndogo inalo, na RouterOS inaweza kutuma SMS yenyewe kupitia modemu. Siyo kila modemu inakubali, kwa hiyo azima ujaribu kabla ya kununua. Njia ya pili ni kuwa na mtu wa nje anayesubiri salamu zako. Healthchecks.io wanakupa vipimo 20 bure: mtambo wako unawatumia salamu kila baada ya dakika chache, salamu zikikoma wao ndio wanakutumia ujumbe. Wewe utakuwa kwenye bando la simu yako, utaupata.

Fundi Swichi

Sawa, hiyo ni kengele. Grafu je? Netwatch haimwonyeshi nani anakula laini.

Nyaya za Shaba

Nilikuwa nakuja huko.

Tafuta laptopu ya zamani, ile ambayo skrini yake imepasuka na mhasibu haitaki tena. RAM ya GB 4 inatosha, ila badilisha diski uweke SSD, hata ndogo. Naipenda kuliko Raspberry Pi kwa kazi hii, maana laptopu ina betri yake, umeme ukikatika inaendelea kuandika. Raspberry Pi inakaa kwenye kadi ya SD, na hifadhidata inayoandika usiku na mchana huichosha kadi, siku moja haiwaki. Weka Linux, Debian au Ubuntu isiyo na madirisha, kisha vitu viwili tu.

Kimoja ni Uptime Kuma. Imetoka 2021, ni programu huria, inafungwa kwa dakika chache ukijua Docker, njia ya kuendesha programu ikiwa imefungashwa na mahitaji yake yote. Inapima pingi, tovuti, milango ya TCP, DNS, hata tarehe ya kuisha kwa cheti cha HTTPS. Jina lake najua mnalichekea. Kwa Kijapani ni dubu, lakini bodi yako haisomi Kijapani, kwa hiyo ukurasa wa hali ya mtandao upe kichwa cha taasisi kabla hujaufungua kikaoni. Mpangilio unaruhusu.

Cha pili ni LibreNMS, iliyochipuka kutoka Observium mwaka 2013. Hii inaongea SNMP, lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali yao, na vifaa vyako, inasoma kila mlango wa ruta na swichi, kwa kawaida kila baada ya dakika 5, na kuchora grafu. Unaipa ruta moja, yenyewe inauliza majirani na kuwaongeza. Kilichonifanya niipendekeze kwako hasa ni minara. LibreNMS inasoma nguvu ya mawimbi ya antena za MikroTik na za Ubiquiti pia. Grafu ya mawimbi ikishuka taratibu mwezi mzima kutoka dBm -58 hadi -71, hakuna aliyekata chochote: upepo umezungusha antena kidogo, au mti umekua mbele yake. Unapanda mnarani kabla laini haijafa, na unapanda siku unayotaka wewe, siyo siku ya mvua.

Zile swichi usizoweza kuziingia hazina SNMP, kwa hiyo hazionekani kwenye LibreNMS. Usihangaike. Pima kitu kilicho nyuma yake kisichohama, printa au kamera. Printa na akses pointi za swichi hiyohiyo zikipotea kwa pamoja, swichi imezima.

Zabbix niache niitaje kwa heshima. Ilianza kutolewa 2001 huko Latvia, na kweli haina toleo la kulipia. Hoja yangu ni mtu, siyo programu. Kukiwa na watu wawili wa IT na seva za kufuatilia kwa ndani, diski, huduma, hifadhidata, nitakuwa wa kwanza kuisema. Halafu ukitazama vizuri, MikroTik ni Latvia, Zabbix ni Latvia, Healthchecks ni Latvia. Nchi yenye watu wasiofika milioni 2. Sijui wanakula nini.

MamaKompyuta

Naomba niwe upande wa wasiopenda Linux, maana tupo. Shirika letu lina kompyuta za Windows tu na mimi sikusomea mambo ya IT, nilikuwa afisa utawala nikakabidhiwa na hili. Natumia PRTG ya bure. Unaifunga kama programu yoyote, inatafuta vifaa yenyewe, inakuchorea ramani. Hakuna cha kuandika kwenye skrini nyeusi.

Angalizo ni hesabu. Wanakupa sensa 100 bure, lakini sensa siyo kifaa. Pingi ni sensa moja, kila mlango wa swichi ni sensa moja, diski ni sensa, kumbukumbu ni sensa. Swichi ya milango 24 ukiiacha iongeze kila kitu imekula robo. Mimi nimeweka pingi kwa vifaa vyote, na mlango wa intaneti tu kwenye ruta. Imebaki nafasi.

Nyaya za Shaba

Dada umenena, na kwa swali langu la likizo PRTG inafaulu ofisini kwako, kwa sababu hata mwenzako wa utawala anaweza kuisoma. Hofu yangu ni siku mtakapokua mzidi sensa 100: bei ya hatua inayofuata si ya taasisi ndogo. Basi tu ujue ukuta uko wapi.

Nakuru_Net

Salamu kutoka Kenya. Niongezee jambo kwa Kijana. Ukisoma kwenye mitandao utashauriwa utumie huduma za nje zinazokupima kutoka Ulaya ama Marekani. Hizo ni nzuri kwa tovuti. Kwa ofisi ndogo huku kwetu mara nyingi hazifanyi kazi, sababu mtoa huduma hakupi anwani ya IP ya hadharani, unachangia moja na wateja wengine mamia. Hakuna anayeweza kukufikia kutoka nje. Ndiyo maana ile njia ya salamu, wewe ndiye unatuma, ni sahihi. Uptime Kuma pia ina kipimo cha aina hiyo, inaitwa Push, ukiwa na seva ndogo ya kukodi mahali pengine.

Pili, chagua vizuri unachopima. Wengi wanaweka 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, peke yake na kusema hiyo ndiyo intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki yote ikaumia, Tanzania vibaya zaidi. Siku hiyo aliyekuwa anapima sehemu moja tu alijua “intaneti haiko sawa”, basi. Aliyekuwa na ngazi alijua tatizo liko wapi: ruta yake iko hai, lango la mtoa huduma liko hai, seva iliyo ndani ya nchi inajibu, ya Ulaya haijibu ama inajibu polepole sana. Hakupanda mnara, hakuwasha na kuzima ruta, alimwambia bosi ni kebo ya bahari na akaendelea na kazi. Kwa hiyo weka vipimo vinne kwa ngazi hiyo. Kwa watu wa Tanzania mna TIX pale Dar es Salaam ambapo watoa huduma hubadilishana data ndani ya nchi, kwa hiyo tovuti iliyohifadhiwa ndani inafaa kwa ngazi ya tatu.

Kijana_wa_Makete

Aisee mmenifungua macho. Netwatch nimeshaiweka usiku huu huu, nimechomoa kebo ya shule kwa makusudi na ujumbe umekuja Telegram. Maswali mawili. Umeme huku unakatika sana, nitajuaje kama ni umeme au ni mtandao? Na la pili, mkuu wa shule kasikia ninachofanya, ameniuliza kama huo mfumo utamwonyesha walimu wanaangalia nini muda wa kazi.

Nyaya za Shaba

La umeme lina ujanja wa bure. Kila kituo pima vifaa viwili: ruta iliyo kwenye UPS, na kitu kingine chochote chenye IP kilichochomekwa ukutani moja kwa moja. Cha ukutani kikifa na ruta ikabaki hai, umeme umekatika, na una muda uleule ambao betri ya UPS inabeba. Ruta ikifuata baada ya muda, betri imeisha. Vyote viwili vikipotea kwa sekunde moja, ni mnara au antena. Ukipanga majina vizuri, mlinzi wa usiku ataelewa ujumbe: “Hospitali umeme hakuna, betri inafanya kazi” ni bora kuliko anwani ya IP. Tena utagundua jambo jingine. Ukitazama muda kati ya kifo cha kwanza na cha pili, miezi inavyokwenda unafupika. Betri ya UPS inakufa, na sasa una ushahidi wa kuomba nyingine. Kama UPS yenyewe ina tundu la USB, kuna programu inaitwa NUT, unaiunganisha na mtambo ulio jirani nayo inakupa asilimia ya betri.

Na ukishakuwa na vituo, panga nani anamtegemea nani. Hospitali iko nyuma ya mnara, vifaa vyote vya hospitali viko nyuma ya ruta yake. LibreNMS inakuruhusu kusema hivyo, na mnara ukizima unapata arifa ya mnara peke yake badala ya ya kila kamera na kila printa. Usipofanya hivi utazima arifa zote kama nilivyosema juu.

La mkuu wa shule: hapana, na usimkubalie hata kwa utani. Kufuatilia mtandao ni kujua kama laini iko hai, imejaa kiasi gani na inapoteza nini. Kumchungulia mwalimu ni kazi nyingine yenye sheria yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019. Akitaka hilo, liende bodi, liandikwe kwenye sera, walimu waambiwe. Wewe mwonyeshe grafu ya laini ya shule nzima. Atakachokiona pale kitamshangaza vya kutosha, hasa saa ambazo simu zote za bwenini zinajisasisha kwa wakati mmoja.

Fundi Swichi

Nimekubali yaishe kuhusu Zabbix, ila kuna kitu hamjakigusa: usalama. Mfumo wa kufuatilia unajua kila kifaa, anwani yake na mara nyingine nywila yake. Mwizi akiingia humo ameshapewa ramani. Kumbukeni SolarWinds, Desemba 2020: ilikuwa programu hiihii ya kufuatilia mitandao, Orion, na wateja kama 18,000 walipakua sasisho lililotiwa mlango wa nyuma. Hao walikuwa na idara nzima za usalama.

Kwa Kijana, mambo machache. Neno “public”, lile la siri la kuanzia kwenye SNMP, libadilishe leo, ndilo la kwanza kila mtu kujaribu. Toleo la 2c linatuma neno hilo wazi bila kufichwa, kwa hiyo kwenye antena za mnarani tumia toleo la 3 lenye nywila na usimbaji. Toleo la 1 usiliguse: hesabu zake za baiti ni fupi, kwenye laini ya Gbps 1 iliyojaa zinarudi sifuri kila baada ya sekunde 34 hivi, na grafu yako itakuwa hadithi ya kutunga. SNMP iruhusu isome tu, isiandike, na iruhusu anwani ya laptopu yako peke yake. Dashibodi usiifungulie intaneti eti uione ukiwa nyumbani. RouterOS 7 ina WireGuard, njia ya VPN iliyosimbwa, ingia kwa hiyo kama mtoa huduma amekupa IP ya hadharani. Na mlango wa WinBox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, 8291, ufunge kwa upande wa intaneti. Udhaifu wa 2018 uliwapa wezi nywila za ruta nyingi sana duniani kupitia mlango huohuo, na bado nakutana na ruta ambazo hazijasasishwa tangu zitoke kwenye boksi.

MamaKompyuta

Na mimi niulize. Hizo grafu zinasaidia nini zaidi ya kumridhisha fundi? Bosi wangu ananiuliza kila mwaka.

Nyaya za Shaba

Zinasaidia siku ya kuongea na mtoa huduma, na siku ya bajeti.

Babu wa grafu hizi zote ni MRTG. Tobias Oetiker alikuwa De Montfort University, Leicester, Uingereza, mwaka 1994, mahali ambapo laini ya kwenda nje ilikuwa moja tu ya kbps 64 na kila mtu anataka kujua kwa nini iko polepole. Akaandika hati ya kuchora matumizi na kuyaweka kwenye ukurasa kila mtu ayaone. Baadaye akaandika RRDtool, chombo cha kuhifadhi na kuchora takwimu hizo, na hadi leo LibreNMS inahifadhi grafu zake kwa hiyo. Kwa hiyo tusidhani haya ni mambo ya makampuni makubwa. Yalizaliwa kwenye laini ambayo leo simu ya kitochi ingeikataa.

Jinsi ya kusoma. Ukiona mstari unapanda asubuhi, unafika mahali na kulala bapa hadi jioni, laini imejaa. Linganisha kimo hicho na mkataba. Ikilala kwenye kiasi ulicholipia, omba bajeti, au tafuta nani anapakua nini saa za kazi. Ikilala chini sana ya hapo wiki nzima, una barua ya kuandika, na grafu unaiambatisha. Kuna mtoa huduma mmoja, jina nalihifadhi, aliyekuwa akinijibu “upande wetu kila kitu kiko sawa” mpaka nilipoanza kutuma picha ya kila wiki. Siku hizi fundi wao ananipigia yeye.

Mstari ukiwa chini, laini haijajaa, na bado watu wanalalamika, shida ni upotevu au ucheleweshaji. Hapo ongeza SmokePing, ya Oetiker huyohuyo. Inatuma pingi nyingi kwa mkupuo na kuchora ngapi zimerudi na kwa muda gani. LibreNMS inaweza kuionyesha ndani yake.

Kwa bosi usipeleke dashibodi. Peleka ukurasa mmoja kila mwezi: kila kituo kilikuwa hewani kwa asilimia ngapi, kilikatika mara ngapi, na sababu. Sababu andika kwa mkono wako, programu haijui kama nguzo iligongwa na lori.

Kijana_wa_Makete

Laptopu nimeipata, i5 ya zamani, RAM GB 8, kioo kimepasuka. Natafuta SSD. Niweke nini cha kuzingatia kabla sijaifungia kwenye kabati la ofisi kuu?

Nyaya za Shaba

Iambie Linux isilale kifuniko kikifungwa, la sivyo utaiweka kabatini na ifumbe macho papo hapo. Kwenye BIOS tafuta mpangilio wa kujiwasha umeme ukirudi. Laptopu nyingi hazina, kwa hiyo betri ikiisha kabisa itabidi mtu abonyeze kitufe, mfundishe mlinzi kipo wapi. Ikague betri kila unapopita, ikianza kuvimba itoe. Saa iwe sahihi kwa NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, kumbukumbu zenye saa mbovu hazimshawishi mtoa huduma. Mipangilio inakiliwe kwenye flashi inayokaa kwa katibu, pamoja na nywila kwenye bahasha iliyofungwa.

Arifa za usiku acha za hospitali tu. Shule na ofisi kuu zisubiri saa 12 asubuhi.

Fundi Swichi

Na ibandike karatasi juu: USIZIME. Mwenye ufunguo wa lile kabati ni nani?